Demeter Haikuboa, Ni Sisi Tuliiangalia Vibaya

Wasee, leo nimekuja kukosana na nyinyi. Lakini kabla nianze kurusha mawe, wacha la kwanza nijirushie mwenyewe, kwa sababu haya makosa niliyafanya mbele yenu wote.

Kuna posti niliwahi kuandika kuhusu The Last Voyage of the Demeter, ile muvi ya Dracula ndani ya meli. Mistari minne tu. Nikasema inaboa, nikasema giza imejaa mpaka huoni nani anakufa, nikasema mwisho tunaujua tangu dakika ya kwanza sasa ya nini kukaa masaa mawili. Mlicheka sana. Mliisambaza kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika miezi hiyo. Shida ni moja: hiyo muvi niliiangalia kwa simu yenye kioo kimepasuka, saa saba mchana, ndani ya matatu ya Rongai, sikio moja lina hedifoni na lingine linamsikiliza makanga akiitisha pesa. Niliruka mbele kama mara tano. Halafu nikashuka, nikajiita mtu wa kuchambua muvi.

Sasa nimeirudia, usiku, vile inafaa. Na nasema hivi: ile muvi haikuwa mbaya. Iliuawa. Walioiua ni wawili, kampuni iliyoitoa na sisi tulioipokea.

Tuanze na kampuni. Muvi iliingia kumbi za sinema za Marekani tarehe 11 Agosti 2023, chini ya Universal. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 45. Wikendi ya kwanza ikaleta dola milioni 6 na nusu hivi. Tarehe 29 Agosti ilikuwa tayari iko mtandaoni, unanunua au unakodi, unaangalia ukiwa kwako umevaa slipa. Siku kumi na nane! Unga unakaa kwa shelfu ya duka la mtaa kuliko hiyo.

Na msidhani ni bahati mbaya. Zamani muvi kubwa ilikuwa inakaa kumbini karibu miezi mitatu kabla ifike nyumbani. Halafu 2020 korona ikafunga kila kitu, na mwezi wa saba mwaka huo Universal wakakubaliana na AMC, wenye kumbi nyingi kabisa kule Marekani, kwamba siku 17 zinatosha. Miezi michache baadaye wakapanga na Cinemark: muvi ikifungua na dola milioni 50 au zaidi, ilikuwa inapewa angalau wikendi tano kumbini. Isipofikisha hiyo, siku 17 na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Soma hiyo tena polepole. Muvi yenye pesa ndiyo ilikuwa inaongezewa muda, na ile iliyohitaji muda ndiyo ilikuwa inanyimwa. Mwenye nacho aliongezewa hata huku.

Muvi ya kutisha ya baharini haiwezi kuishi kwa hesabu kama hiyo. Haina supastaa wa kuvuta watu Ijumaa ya kwanza. Inategemea mtu mmoja atoke ukumbini amenyamaza, afike kazini Jumatatu amwambie mwenzake, "Buda, enda uone hiyo kitu, lakini usiende peke yako." Huyo mwenzake ataenda wikendi ya pili. Wa tatu ataenda ya nne. Sasa kama wikendi ya tatu inaisha na muvi iko kwa simu ya kila mtu, hayo maneno yatasafiri lini? Demeter ilimaliza na kama dola milioni 21 dunia nzima. Watu wakaona hiyo namba, wakasema kumbe ni takataka. Mimi nikiwa mmoja wao.

Na hapa mtu ataniambia, "Lakini nyumbani ndiko muvi za kutisha huokolewa." Kweli kabisa, sikatai. The Thing ya John Carpenter ilitoka Juni 1982, ikaanguka vibaya, wachambuzi wakaitemea mate. Ni kanda za video ndizo zilizoifufua, watu wakaiangalia nyumbani tena na tena mpaka leo ukiitaja vibaya mbele ya shabiki wa muvi za kutisha mtapigana. Kwa hivyo nyumbani si adui. Lakini mtu aliyekodi kanda 1982 aliitoa dukani kwa mkono, akalipa, akairudisha kesho yake. Jioni hiyo alikuwa na muvi moja tu, kwa runinga, na watu wa nyumba wote wamekaa. Yetu inaingia kwa simu ileile yenye meseji za mama, mechi ya Arsenal na mtu wa kudai deni.

Halafu hiyo "nyumbani" yenyewe, nyumbani kwa nani? Diski ya Blu-ray ya Demeter ilitoka 17 Oktoba 2023. Ndani kuna maoni ya mwongozaji, kuna mandhari zilizokatwa, kuna mwanzo mwingine tofauti na ule tunaoujua. Vitu vitamu kabisa kwa mtu kama mimi. Sasa nionyeshe mtu mmoja kwa ploti yenu mwenye mashine ya Blu-ray. Laptopu zetu hata tundu la diski hazina siku hizi. Kununua mtandaoni nako ni kadi ya benki, dola, na mara nyingine ukishafika unaambiwa hiki kitu hakipatikani nchini mwako. Kwa hivyo tunafanya vile tumefanya siku zote. Tunaenda kwa yule jamaa wa kibanda cha muvi, tunampa flashi, anatujazia.

Simlaumu yeye, na simlaumu mtu yeyote aliyepitia kwake. Wanaopenda kutusomea mafunzo ya uaminifu wakumbuke Nosferatu ya 1922, Dracula wa kwanza maarufu kwa skrini, naye pia alisafiri kwa meli akiua mabaharia mmoja mmoja. Walioitengeneza hawakulipa haki za kitabu. Mjane wa Bram Stoker akawapeleka kortini, na 1925 korti ya Ujerumani ikaamua nakala zote ziharibiwe. Leo tunaiona kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimeshavuka mipaka. Yaani muvi ambayo vyuo vinafundisha kama kazi ya maana ya karne iliyopita iliokolewa na nakala ambazo hazikutakiwa kuwepo. Nimesema tu.

Shida yangu na nakala ya kibanda ni nyingine, na hii ndiyo hata wapenda muvi hawaielewi. Ili muvi ya masaa mawili itoshee kwa faili dogo, programu inayoibana hutupa vitu ambavyo jicho haliwezi kuvikosa sana. Na mahali pa kwanza inapotupa ni gizani. Badala ya kuweka aina ishirini za weusi, inaweka tatu. Kwa muvi ya ngumi za mchana hutajua. Kwa Demeter, umeua muvi. Karibu kila kitu cha maana kule kinatokea usiku, ndani ya mbao, kwa taa moja ya mafuta inayoyumba na meli. Yule kiumbe hajifichi nyuma ya giza, yuko ndani yake, na wametaka umwone nusu sekunde kabla ya baharia kumwona. Kwa nakala yangu nilikuwa naona viboksi vya kijivu vinacheza. Kisha nikaandika "giza imejaa." Ilikuwa giza ya faili, si ya muvi.

Na sauti! Kuna kijana mdogo kwa ile meli anaitwa Toby, mjukuu wa nahodha. Anamwonyesha daktari Clemens vile mbao za meli hubeba sauti, ukigonga huku mtu anasikia kule, na mabaharia hutumia hiyo migongo kuambiana kwamba kila kitu kiko sawa. Ni kitu kidogo cha kupendeza, mtoto akijigamba na meli yake. Baadaye meli ikishaanza kuisha watu, mtu anagonga, na mgongo unarudi. Fikiria hiyo, kisha fikiria mimi nikiwa na sikio moja na makanga akipiga mabati ya gari. Sikusikia chochote. Ile mara ya kwanza hata sikujua kwamba kuna mgongo kwenye hiyo muvi.

Sasa tuje kwa lile neno lenu mnalolipenda kuliko yote: "Lakini mwisho tunaujua." Ndio, tunaujua. Muvi inaanza na meli imevunjika ufuoni Uingereza, mwaka ni 1897, askari wanapanda na taa na kupata daftari la nahodha. Kitabu chenyewe ni hivyo, ni kipande kifupi cha sura ya saba ya Dracula, maandishi ya nahodha siku baada ya siku, watu wakipungua. Bragi Schut aliandika hii hadithi tangu mwanzo wa miaka ya 2000 na ikazunguka Hollywood karibu miaka 20, ikipita kwa waongozaji kadhaa, mpaka André Øvredal, yule Mnorwe wa Trollhunter, akaishika. Angetaka kutuficha mwisho angetuficha. Ametuambia mapema makusudi.

Kwa sababu baharini si kama nyumba yenye mapepo. Kwa nyumba unapiga kelele pale mtoto anapopanda ngazi, "Toka nje wewe!" Na kweli angetoka. Kwa meli unatoka uende wapi? Joseph, mpishi, yule mtu wa Biblia, alijaribu. Alichukua boti ndogo usiku akatoroka peke yake na Mungu wake. Mnakumbuka alifika wapi. Ukishajua kwamba wote wamekwisha, unaacha kuuliza nani atapona na unaanza kuwaangalia vizuri, vile wanakula pamoja, vile wanabishana kuhusu bonasi wakifika London mapema. Wanahesabu pesa ambazo wewe unajua hawatazigusa. Mimi hiyo iliniumiza kuliko damu yote.

Halafu Clemens. Wacha nikae hapa kidogo. Corey Hawkins anamcheza daktari mweusi aliyesomea Cambridge, akaenda hadi Romania kwa kazi aliyoahidiwa, na walipoona rangi yake kazi ikaisha. Ndiyo maana anaomba kazi ya kubeba mizigo kwa meli. Mtu na shahada yake anaomba kupanda na makreti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya kunyimiwa kazi nayo, lakini nina marafiki walionishinda kumaliza na sasa wanaendesha bodaboda na cheti kiko kwa godoro. Sijui ni vipi mtu wa Nairobi anaangalia Clemens akisema kwamba anachotaka tu ni kuielewa hii dunia, anaona hiyo sura yake, na anaandika komenti "characters" hazina maana. Uliangalia nini?

Wengine mlinijia na Ghost Ship. Kila mara. "Ghost Ship ya 2002 ndiyo muvi ya meli, hiyo nyingine ni usingizi." Haya. Ule mwanzo ni moto, sibishi: watu wanacheza dansi kwenye meli ya Antonia Graza, 1962, waya unakatika, unapita katikati ya umati, na wote wanasimama sekunde kadhaa kabla ya kuanguka vipande. Hakuna aliyeusahau. Sasa niambie kinachofuata. Taja jina la nahodha aliyechezwa na Gabriel Byrne. Niambie dhahabu ilitoka wapi. Huwezi, kwa sababu wewe hukuangalia Ghost Ship, uliangalia klipu ya dakika tatu ya Ghost Ship. Na ndiyo maana Demeter ilikushinda. Haina klipu. Huwezi kuikata ukaweka muziki wa kuchekesha. Ukikata kifo cha Toby kutoka kwa saa nzima iliyotangulia, unabaki na mtoto kwa sanda na mzee analia. Lakini ukiwa umekaa na wao, ukamwona nahodha Eliot akikataa kuamini, akifungua sanda kwa sababu anadhani mjukuu wake amesogea, na jua linamgusa yule mtoto na moto unawaka mikononi mwa babu yake... Hapo nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji. Liam Cunningham hata hapigi kelele nyingi.

Sitawadanganya kwamba haina makosa. Inayo. Kuna wakati nilitaka kuingia ndani niwapige makofi: mnajua kiumbe hutoka usiku tu, mko na mchana mzima, mko na shoka, na makreti yako pale chini. Fungueni makreti! Pia wanamwonyesha Dracula sana kule mwisho, na akiota mabawa anaanza kufanana na mchezo wa kompyuta, yet Javier Botet ni mtu ambaye mwili wake tu, ule urefu na vile vidole, unatosha kukutoa jasho. Na kile kipande cha baa London ni tangazo la muvi ya pili ambayo kwa hizo hesabu za dola milioni 21 sisi tusiketi tukisubiri. Haya yote ningeyaandika kwenye ile posti ningekuwa nimefanya kazi. Sikuyaandika kwa sababu sikuyaona.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Hatukatai muvi kwa sababu tumeipima. Tunaikataa kwa sababu imetukatiza. Mtu anaangalia kwa kasi ya moja na nusu, anapiga picha skrini, anajibu meseji, halafu anasema muvi iko polepole. Bana, ni wewe uko mbio. Na sisi watu wa kutengeneza posti tunawalisha hiyo tabia, kwa sababu "inaboa" inaandikwa kwa sekunde kumi na inaleta watu, na "niliangalia mara mbili, nikakosea mara ya kwanza" hailipi bando.

Mnaosema vitu vya baharini havitutishi sisi watu wa bara, nendeni mkaulize rafiki zenu wa Pwani. Roommate wangu wa zamani ni wa Lamu, na majini ya baharini alikua akisimuliwa na bibi yake kama vile sisi tulisimuliwa majitu. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia sijaiona Demeter. Alisoma posti yangu akanipigia. Hakunitusi. Aliniuliza tu, "Uliangalia kwa simu?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi."

Jumamosi iliyopita tukaifanya vizuri. Nakala kubwa, ile ya kula nusu ya flashi. Projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, woofer ya jamaa wa ghorofa ya pili. Simu zote nane tukaziweka kwa sufuria jikoni, kifuniko juu. Taa zimezimwa, na tokeni za stima nilikuwa nimenunua mapema ili Dracula asipate msaada wa bure. Watu wawili kati yetu walikuwa wameshaiangalia na kuiponda kama mimi. Karibu saa ya kwanza hakuna aliyesema kitu, na mnajua vile kundi letu haliwezi kunyamaza. Halafu kwenye ile migongo, Clemens amegonga mbao, anasubiri jibu, sisi wote tumesubiri na yeye, na ukuta wa keja yangu ukagongwa mara tatu.

Kuna mtu mzima wa miaka ishirini na nne alilia. Simtaji.

Alikuwa jirani, anataka tupunguze woofer. Tukapunguza, lakini muvi haikuwa ile tena, kila mbao ikilia mtu anaangalia ukuta. Ikiisha tukakaa tukibishana mpaka saa tisa usiku kama Anna alifanya sawa kungoja jua. Mmoja wa wale wawili anasema bado ni muvi ya kati tu, si zaidi, na alikuwa na sababu zake nne na zote zilitoka ndani ya muvi. Huyo namheshimu. Huyo ameiangalia.

Ile posti yangu ya zamani sijaifuta. Iko huko chini, sogeza tu utaipata, na vicheko vyenu vyote viko hapo. Isomeni, halafu mrudi hapa mnitukane. Lakini ukija kunitukana kuhusu muvi yenyewe, anza kwa kuniambia uliiangalia kwa nini, na saa ngapi.